Makaratasi ya Boma

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mfanyakazi wetu wa maendeleo ya jamii kwa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu vikundi ambavyo havikufika viliyaomba.)

Asanteni kwa kuacha palizi. Najua wengine mmeamka saa kumi usiku mkateka maji kwanza ndipo mkashika njia.

Leo sikuja na habari za kuku wala za mboga. Mara iliyopita mama mmoja aliniuliza swali wakati gari lilikuwa linaningoja: "Mume wangu akifa, shamba ni la nani?" Nikamjibu mbio mbio, "Ni lako na watoto." Kwa sheria sikusema uongo. Lakini mtu akirudi nyumbani na jibu hilo peke yake, linaweza kumponza. Leo nataka kulijibu vizuri.

Nianze na mama mmoja niliyemtembelea kwa miaka mingi. Jina lake sitalitaja, na kijiji chake pia nitakiacha. Mume wake alikuwa mvuvi. Alipofariki, matanga yalikwenda vizuri, ng'ombe akachinjwa, watu wakala wakaenda kwao. Baada ya miezi mitatu shemeji akaja kwa upole, akaomba alime kipande kidogo tu kule chini kando ya mto, "kwa kuwa sasa uko peke yako." Mama akaona ni msaada. Msimu uliofuata shemeji alileta ng'ombe wa kulimia hata kabla mama hajaamka. Msimu wa tatu alileta mnunuzi.

Mama akakimbilia kwa chifu. Chifu akamuuliza, cheti cha kifo kiko wapi? Hana. Alikuwa na kile kibali cha mazishi tu, nacho kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa. Taito iko kwa jina la nani? Hajui, hajawahi kuiona. Tulipokwenda kufanya sachi, tukakuta shamba bado liko kwa jina la baba mkwe, aliyekufa mwaka wa 1984. Hakuna mtu aliyewahi kufungua mirathi yake. Mama alihangaika miaka minne. Sehemu ya nyumba aliipata. Kipande cha mtoni, chenye rutuba, hakukiona tena.

Katika miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemwinulia rungu. Kila mtu alikuwa anamwita "mama" kwa heshima kabisa.

Sasa sheria. Tunayo Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema hivi kwa ufupi: mume akifa bila kuacha wosia, na ana mke na watoto, vyombo vya nyumbani ni vya mke moja kwa moja. Shamba na mali nyingine, mke anashika na kutumia maisha yake yote. Hawezi kuuza shamba hilo anavyotaka. Anahitaji watoto waliokuwa watu wazima wakubali, na korti pia ikubali. Baadaye watoto watagawana, wasichana na wavulana. Jambo hili la wasichana korti ya rufaa ililitilia mkazo mwaka 2005 katika kesi ya familia ya Rono. Naona wazee wawili wanatikisa kichwa. Haya, tutazungumza wakati wa chai.

Mke ni nani? Hata yule aliyeolewa kimila anahesabiwa mke katika sheria hii. Wa pili na wa tatu pia. Mwanamume mwenye wake wengi akifa, mali inagawanywa kwa nyumba, kufuatana na hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai anaongezwa katika hesabu ya nyumba yake. Kwa hiyo mke mwenza si adui wa kufichwa. Nimeona akina mama wetu wenyewe wakienda kwa chifu kuandikiwa barua ya warithi na kuacha jina la mwenzao, au la binti aliyeolewa, au la mtoto wa nje. Usifanye hivyo hata ukishauriwa na ndugu yako. Korti ikigundua kuna mrithi aliyefichwa, inaweza kufuta kila kitu, na pesa zako za nauli zimekwenda bure.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza cheti cha kifo. Kibali cha mazishi si cheti. Mtu akifia hospitali, hospitali inaandika. Akifia nyumbani, ni naibu wa chifu. Fuata jambo hilo kabla miezi sita haijapita, maana baada ya hapo unaingia katika usajili wa kuchelewa, na hapo utazungushwa. Siku hizi maombi yanapita kwa eCitizen, kwa hiyo mtafute kijana wa saiba ambaye kikundi kinamwamini. Halafu barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, halafu sachi kutoka ofisi ya ardhi. Ndipo unaenda kortini. Si lazima iwe mbali: kuna korti Migori na Homa Bay, na pia Rongo, Kehancha, Ndhiwa, Mbita na Oyugis. Jina la marehemu litatangazwa katika gazeti la serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga. Ukipewa ile hati ya usimamizi, usirudi nyumbani ukapiga vigelegele na kuifungia sandukuni! Kwa kawaida baada ya miezi sita unarudi korti ikuthibitishie, ndipo ofisi ya ardhi ibadilishe jina. Wengi wanaishia katikati.

Katika kuomba usimamizi, mke aliyebaki ndiye anayefikiriwa wa kwanza, mbele ya ndugu za mume. Lakini kama kuna mtoto ambaye hajafika miaka 18, lazima wasimamizi wawe wawili au zaidi. Huyo wa pili mchague kwa makini kuliko unavyochagua mweka hazina wa kikundi. Anaweza kuwa binti yako mkubwa. Anaweza kuwa shemeji, maana wako mashemeji wazuri sana, tusiwachafue wote kwa sababu ya mmoja.

Na yule anayeingia shambani kulima au kuuza kabla korti haijampa mtu usimamizi? Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 45, inaita jambo hilo kosa. Faini mpaka shilingi 10,000, au kifungo mpaka mwaka mmoja, au vyote viwili. Nimeona barua moja tu ya kumkumbusha mtu kifungu hicho ikitoa ng'ombe shambani siku hiyo hiyo.

Sasa tero. Sisi Wajaluo tunaijua, na wageni wetu kutoka upande wa Kuria wana yao watakayotueleza wenyewe. Zamani, ndugu wa marehemu alisimama ili nyumba isianguke, na watoto waliendelea kuitwa wa marehemu. Sikatai kwamba iliwasaidia bibi zetu. Lakini leo mjane anaambiwa hawezi kupanda, hawezi kujenga, hawezi kuingia kwa wanawe mpaka apate jater, na huyo jater wakati mwingine ni mtu wa kulipwa ambaye hakuna anayejua ametoka wapi. Katika uchunguzi wa serikali wa 2018, karibu watu wazima 20 katika kila 100 wa Homa Bay walikuwa na virusi vya ukimwi, na Migori 13. Hamhitaji mimi niwafanyie hesabu. Sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja wazi kwamba kumrithi mjane kwa nguvu, na kumtakasa, ni ukatili. Mama anayetaka mwenyewe, ni uamuzi wake. Waende wapimwe wote wawili kwanza. Na kitu kimoja kishike: jater harithi shamba. Kulala katika nyumba hakumpi mtu taito.

Hayo yote ni ya baada ya kifo. Shida kubwa iko kabla. Mama akimuuliza mzee, "Taito yetu iko wapi?" mzee anafikiri anahesabiwa siku. Mmoja aliwahi kuniambia mbele ya watu, "Wewe unafundisha wanawake kutuzika." Tulicheka, lakini alikuwa na uchungu wa kweli. Nikamuuliza shamba lake liko kwa jina la nani. La babu yake. Na ndugu zake ni wangapi? Sita, na wawili wako Nairobi. Akanyamaza. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa katika hatari ile ile. Wiki iliyofuata tulikutana naye ofisi ya ardhi, amevaa koti.

Kwa hiyo, mama, usianze na taito. Anza na makaratasi yako wewe: kitambulisho, vyeti vya watoto, kadi za ubatizo. Tazama kama majina yanafanana, maana wengi wetu tuna jina moja kanisani na lingine kwa kitambulisho. Kisha zungumzeni juu ya shamba la baba mkwe, ambalo linamhusu mzee hata zaidi yako. Ndoa ya kimila nayo inaweza kuandikishwa siku hizi, kwa sheria ya 2014. Kama ayie ilipelekwa, waulizeni walioipeleka wangali hai. Na mzee akisema ameshatoa wosia kwa mdomo, mwambieni kwa upole kwamba huo unataka mashahidi wawili, na asipokufa ndani ya miezi mitatu hauna nguvu tena. Bora aandike.

Wiki mbili kutoka leo, kila kikundi kilete makaratasi ya boma tano, ndani ya mfuko wa plastiki yasiloe. Mwenye taito ya babu asiiache nyumbani kwa aibu. Wale wa kusoma sachi nitakaa nao mimi mwenyewe chini ya ule mwembe, kuanzia saa tatu.