Hotuba kwa Wakazi wa Ndhiwa: Jua Litumike Vyema Kuondoa Chumvi Majini



Wengi wakipata maji ya kisima yenye chumvi huyachemsha. Kuchemsha kunaua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi chumvi wala floraidi. Maji yakipungua sufuriani, madini hayo hubaki na kuwa makali zaidi. Floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, meno ya watoto huweza kupata madoa, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hudhurika.

Hivyo hatua ya kwanza ni kupima maji. Maji ya mto Kuja au Riana yanahitaji kuchujwa na kutiwa dawa. Mtambo wa kuondoa chumvi hapo ni fedha zilizopotea. Maji ya kisima kirefu ni tofauti, kwa kuwa hubeba madini ya miamba yanamopita.

Kwa boma moja, njia rahisi ni sanduku la jua. Maji humwagwa katika beseni jeusi lililofunikwa kwa kioo cha mshazari. Jua huyageuza mvuke, mvuke hugusa kioo na kuwa matone, nayo matone huteremka hadi chomboni. Chumvi na floraidi hubaki nyuma.

Hesabu yake ni hii. Kugeuza lita moja kuwa mvuke huhitaji takriban yuniti 0.65 za nishati. Mita moja ya mraba ikipokea yuniti 5 kwa siku, ingetoa karibu lita 7 au 8. Sanduku la kawaida hutoa 3 hadi 4 tu, kwani joto jingi hutoroka. Ili lisitoroke, maji yawe ya kina kifupi, sentimita 2 au 3. Chini ya beseni pawekwe maranda makavu. Nyufa zote zizibwe. Kioo kioshwe vumbi. Na chumvi iliyoganda iondolewe. Hata hivyo, hayo ni maji ya kunywa na kupikia, si ya kufulia.

Kwa kijiji kizima, mtambo wa kusukuma maji kupitia utando wa kuchuja hufaa zaidi. Yuniti moja ya umeme huweza kutoa mamia ya lita, na maji ya kisima huhitaji msukumo mdogo kuliko ya bahari. Kiunga, kaunti ya Lamu, mtambo wa sola wa kusafisha maji ya bahari ulianza kazi mwaka 2018.

Mtambo kama huo hudai matunzo. Paneli zenye vumbi hutoa umeme kidogo. Vichujio vya mwanzo visipobadilishwa, utando huziba mapema. Pampu iendeshwe jua likiwa kali na maji yahifadhiwe tangini, kwa kuwa tangi ni nafuu kuliko betri. Nayo maji ya chumvi yanayobaki yasimwagwe shambani wala karibu na kisima.

Kwa hiyo, kamati ya maji inapopanga bajeti, itenge fedha za vichujio na za fundi kabla mtambo haujanunuliwa. Mtambo uliokufa hauzimi kiu ya mtoto, hata jua liwake vipi.