Soja mjamzito na miezi ambayo mdahalo huiruka

Uzi. Hii ni hotuba fupi niliyotoa kwenye kikao chetu cha wanafunzi wa sayansi ya siasa. Wengi mliomba niiandike. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama, tubaki kwa hoja.

1/ Kuna ahadi husikika sana jukwaani: "Tutawaongezea akina mama likizo ya uzazi." Watu wanapiga makofi. Mimi pia nimepiga. Leo nauliza: na kabla ya hiyo likizo, je?

2/ Dada yangu ni soja. Analinda geti la nyumba za kupanga hapa Nairobi, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Kufungua, kufunga, kuzunguka na tochi, kukimbilia kelele. Alipopata mimba alinyamaza. Alijificha ndani ya koti la kazi mpaka mwezi wa sita. Asubuhi kabla niende darasani, mimi ndiye nilimkanda miguu. Ilikuwa imevimba hadi viatu vinakataa kutoka.

3/ Nikamuuliza, "Dada, si useme tu?" Akanijibu, "Nikisema, hawatanifuta. Wataniambia tu hakuna geti la kunipeleka." Hebu tuiangalie hiyo hofu yake.

4/ Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mimba si sababu halali ya kumfuta mtu, na kifungu chake cha 29 kinampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili. Hapo sawa. Lakini tafuta humo mahali panapompa mjamzito haki ya kutolewa zamu ya usiku au kupewa kazi nyepesi. Utatafuta sana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wote, ila kwa maneno ya jumla.

5/ Sasa hesabu. Agizo la mishahara la sekta ya ulinzi linaweka wiki ya kawaida kuwa saa 52. Saa 12 mara siku 6 ni 72. Zimezidi 20. Hata zikilipwa ovataimu, miguu ni ile ile.

6/ Mbona mwajiri anakwepa? Si ati wote ni wabaya. Kenya, mshahara wa likizo ya uzazi hutoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe. Kampuni za ulinzi zinashindania kazi kwa bei. Soja mmoja akienda likizo, kampuni inalipa watu wawili kwa geti moja. Ukiongeza likizo bila kusema nani analipa, unaweza kumfungia dada yangu mlango kabla hata hajaomba kazi.

7/ Upande wa pili husema, "Mkizidisha haki, wanawake hawataajiriwa." Msiicheke hiyo hoja. Ni kweli kama gharama itabaki kwa mwajiri mmoja mmoja. Tukiwa na mfuko wa pamoja, waajiri na wafanyakazi wote wachangie, wanaume pia, hakuna atakayeumia kwa kuajiri mwanamke. Lakini mshahara utakatwa tena, na mnajua vile Wakenya wamechoka na makato. Anayeahidi aseme na hilo.

8/ Mengine hayangoji mfuko. Kiti. Choo cha karibu. Zamu ya mchana. Kuandika magari kwenye kitabu badala ya kuzunguka usiku. Ruhusa ya kliniki bila kukatwa siku. Mkataba nambari 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mjamzito asilazimishwe kufanya kazi iliyoamuliwa kuwa na madhara kwake au kwa mtoto.

9/ Dada alijifungua salama. Kiti alikipata mwezi wa saba, cha plastiki, kutoka kwa mama mmoja mpangaji aliyemwonea huruma. Mungu ambariki huyo mama. Lakini soja wa geti lingine atapewa na nani? Kwa hivyo mtu akikuomba kura kwa ahadi ya likizo, muulize mawili: nani atalipa, na miezi ya kabla, mjamzito atakaa wapi?