Hesabu za Zahanati Nazo Zisomwe Mbele Yetu

Hotuba ya kikundi, iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi

Wapo tulioanza nao ambao leo hawapo. Mungu awapumzishe kwa amani.

Miaka kumi siyo haba. Tulianza na sanduku moja, kufuli tatu na daftari. Funguo zilishikwa na akina mama watatu wa nyumba tatu tofauti, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Kila tunapokutana fedha zinahesabiwa mbele ya wote, zinasomwa kwa sauti, ndipo sanduku linafungwa. Mweka hazina wetu hatumshuku. Tunahesabu hivyo ili asije akashukiwa.

Habari za hisa na mikopo zimeandikwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumepewa nafasi ya kusema juu ya mfuko wa jamii, kwa sababu mfuko huo umetufundisha jambo linaloihusu serikali yetu.

Mfuko wa jamii tuliuweka kwa ajili ya misiba na magonjwa. Lakini wanachama mnajua umekuwa ukienda wapi zaidi. Mama anakaribia kujifungua, anaambiwa aje na glovu, pamba, wembe na uzi wa kufungia kitovu. Akikosa, ndugu zake wanakimbilia kwa mweka hazina. Mtoto ana homa, zahanati inasema dawa zimekwisha, nendeni duka la dawa. Mgonjwa anatakiwa apelekwe hospitali usiku, mafuta ya boti yatoke kwetu. Tumelipa, na hatujutii hata shilingi moja, maana mtu akiwa kwenye uchungu huwezi kumwambia asubiri kikao.

Sasa tuulizane, jamani. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo vilevile. Kama ni bure, zile glovu tulizonunua zilipaswa kununuliwa na nani? Ama fedha zake hazikufika, ama zilifika zikafanya kazi nyingine, ama vifaa viliagizwa Bohari ya Dawa vikakosekana, ama havikuagizwa kabisa. Hayo ni mambo manne, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. Hesabu zisiposomwa, yote manne yanageuka kuwa neno moja tu: "Hakuna." Na wa kwanza kulaumiwa anakuwa muuguzi aliyeko mbele yetu, ambaye pengine yuko peke yake usiku na mchana na hana kosa lolote.

Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo hospitali ya serikali ilikuwa haitozi kitu. Mwaka 1993 ulianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa, kaya ya watu sita ikatakiwa kulipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila hatua mwananchi ameombwa atoe. Hatukatai kutoa. Ushuru wa kahawa kule milimani Mbinga, ushuru wa dagaa na wa soko huku mwambaoni, yote hayo ni jasho letu. Lakini anayetoa ana haki ya kuuliza.

Tusije tukaonekana watu wasio na shukrani. Mengi yamefanyika, na macho tunayo. Zamani mgonjwa wa upande huu alitegemea sana hospitali za misheni, kama Liuli huku ziwani na Litembo kule juu, na kufika huko ilikuwa kazi. Mwaka 2007 serikali ilianza mpango wa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mwaka 2012 Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga, ofisi zikasogea karibu nasi. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ile ambayo wakati wa mvua ilikuwa ikitulaza njiani, imewekwa lami. Meli ya MV Mbeya II ilianza safari ziwani mwaka 2021. Mwaka 2022 ukazinduliwa kitaifa mpango wa m-mama, wa kumsafirisha mjamzito mwenye dharura kwa kupiga simu namba 115. Kila mwanachama aiandike namba hiyo ukutani kwake.

Pamoja na hayo, jengo peke yake halitibu mtu. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwa ajili ya afya. Nchi yetu ilikuwamo katika ahadi hiyo, na kiwango hicho bado haijakifikia. Basi kama fedha ni chache, ndiyo sababu ya kuzihesabu kwa uangalifu zaidi. Mwenye debe moja la mahindi ndiye anayejua punje zake.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukuwa tunalijua, na tunaomba mlisikilize vizuri. Zamani ukiuliza fedha za zahanati unaambiwa ziko halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo, zahanati nazo zikiwamo. Kituo kinatakiwa kiwe na mpango wake, vitabu vyake na kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Maana yake ni nini? Maana yake jibu la swali letu haliko tena Dodoma wala Songea. Liko hapahapa kijijini, kwenye vitabu vya zahanati.

Wengine watasema, mbona yupo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali? Ni kweli yupo, na tunaiheshimu kazi yake. Lakini mwaka wa fedha unaisha Juni, na ripoti yake inafika Bungeni Aprili ya mwaka unaofuata. Hapo katikati ni karibu miezi kumi. Akina mama mnajua kuhesabu: mimba inaingia na mtoto anazaliwa kabla ripoti haijasomwa. Mkaguzi akague, nasi tuangalie mapema.

Na sheria iko upande wetu. Katiba ya nchi, ibara ya 8, inasema serikali inawajibika kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo kikubwa cha maamuzi kijijini, na mkutano huo unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kwa hiyo anayeuliza mkutanoni anatumia haki yake, wala hafanyi fujo.

Tunajua hofu ipo. Kuna mama aliyetuambia, "Mkihoji mtaitwa wapinzani." Hofu hiyo haikuanza leo. Katika miaka ya 1960, hapahapa mkoani Ruvuma, vijiji vya Chama cha Maendeleo Ruvuma, kuanzia Litowa, vilipanga kazi zao na kugawana mapato yao kwa majadiliano. Mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa kwa amri ya wakubwa. Wazee hawakusahau. Lakini nyakati hubadilika, na sheria tulizozitaja zimetungwa na serikali yenyewe. Tukizitumia kwa adabu, kwa sauti ya pamoja na kwa daftari mkononi, hakuna wa kutuita wakorofi.

Tena tutazame upande wa pili. Halmashauri ikitukopesha kutoka ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, iliyowekwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inataka katiba yetu, muhtasari wetu na akaunti yetu. Ni sawa kabisa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Waliokopa waliulizwa, na walistahili kuulizwa. Nasi tunaomba kipimo kilekile kitumike kwa fedha za dawa.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kikundi kimekubaliana mambo manne.

Kwanza, mfuko wa jamii utaendelea kumsaidia mama anayejifungua, bila kusitasita. Lakini kila glovu na kila dawa tutakayoinunua badala ya zahanati itaandikwa katika daftari la peke yake, pamoja na tarehe na bei. Jina la mgonjwa halitaandikwa humo.

Pili, kila mkutano mkuu wa kijiji tutaomba isomwe hesabu ya zahanati: fedha zilizoingia na zilikotoka, zilizotumika na zimenunua nini, dawa zilizoagizwa na zilizofika. Nakala ibandikwe ubaoni. Baada ya hapo nasi tutasoma daftari letu.

Tatu, nafasi za wananchi zikitangazwa katika kamati ya zahanati, akina mama wa kikundi hiki wachukue fomu. Wanaojua kushika funguo za sanduku wanaweza kusoma kitabu cha zahanati.

Nne, ikionekana tatizo liko juu ya uwezo wa zahanati, tutakwenda pamoja na muuguzi wetu kwa diwani, na diwani alipeleke kwenye baraza la madiwani. Muuguzi akiwa na hesabu safi, sisi ndio mashahidi wake.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuomba fedha leo. Tumeomba kusomewa hesabu. Kama ilivyo desturi yetu, mwisho wa sherehe hii sanduku litafunguliwa mbele yako, na fedha zitahesabiwa kwa sauti. Tunakukaribisha ukae ushuhudie, na ukirudi ofisini utusaidie jambo hilihili lifanyike kwenye zahanati zetu, milimani na ziwani.