KAMBA YA NANGA

Somo: Matendo ya Mitume 27:27-44, Waebrania 6:17-20

 

Asubuhi Ziwa Naivasha hutulia kama maji katika karai, na mashua hukaa pale ilipoachwa. Lakini mchana upepo huamka. Mawimbi huinuka, na vile visiwa vya mafunjo vinavyoelea huanza kusafiri. Saa hiyo mwenye mashua hajali rangi yake nzuri, wala hajali tanga lake jipya. Ana swali moja tu: Je, tutashikwa mahali petu, au tutachukuliwa?

Watu wengi hudhani jibu liko katika nanga. Ndugu zangu, nanga ni chuma, na chuma hakivunjiki upesi. Kinachokatika ni kamba. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya kamba. Wenzetu wa pwani huiita amari.

Kwanza, mtu huchagua kamba yenyewe. Zamani watu walitumia kamba ya mkonge. Ni kamba nzuri, lakini ikikaa na maji inaoza, na huanza kuoza ndani ambako macho hayafiki. Siku hizi kuna kamba za plastiki za rangi ya buluu au manjano. Bei yake ni nafuu, lakini nyingi huelea juu ya maji, na panga la injini ya mashua nyingine linaweza kuzikata. Tena jua huzila, zikawa kavu na kukatikakatika. Wanaojua kazi hii hupenda kamba ya nailoni, kwa sababu inazama, na tena inavutika. Wimbi likiipiga mashua ghafula, kamba hiyo hujinyoosha kidogo, kisha hurudi, na nanga haing'oki. Karibu na nanga wao huunga kipande cha mnyororo, ili mawe ya chini yasisage kamba, na uzito wa mnyororo uilaze nanga ipate kuchimba.

Pili, kamba hukaguliwa. Aliye na hekima haitazami kwa nje tu. Huishika kwa mikono miwili, akaifungua nyuzi zake, akachungulia ndani. Akiona vumbi, au nyuzi zilizokatika, au sehemu iliyokauka kama kijiti, anajua kwamba siku zake zimekwisha. Huangalia sana pale inapopita juu ya ukingo wa mashua, maana hapo ndipo inaposuguliwa kila siku. Kamba iliyochakaa haitupwi. Itafaa kufungia mbuzi. Lakini usiifungie uhai wa watu.

Tatu, kamba hupimwa na kina cha maji. Hapa wengi hukosea. Wao hudhani kwamba kamba ikifika chini imetosha. Sivyo. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu, na kuing'oa. Kamba ndefu huivuta kwa ubavu, nayo huzidi kujichimbia. Kwa hiyo hushauriwa kwamba urefu wa kamba uwe kama mara saba ya kina cha maji. Pakiwa na mita 5, kamba iwe mita 35.

Sasa kumbukeni ziwa letu. Mwaka 2009 lilikuwa limepungua sana, hata watu wakauliza kama litakauka. Mwaka 2020 lilijaa mpaka maji yakaingia katika nyumba za watu kule Kihoto. Ziwa ni lile lile, mashua ni ile ile, na nanga ni ile ile. Lakini kamba iliyotosha mwaka 2009 ilikuwa fupi mwaka 2020. Haikuwa imeoza. Kina ndicho kilichobadilika.

Msikilizaji mpenzi, je, hali yetu si hiyo? Mwandishi wa Waebrania anatuambia kwamba tumaini letu ni nanga ya roho, na limeshika ndani ya pazia, alikotangulia Yesu kwa ajili yetu. Nanga hiyo haiozi wala haing'oki. Wala sisemi kwamba tunaokolewa kwa nguvu za mikono yetu. Yeye ndiye anayetushika. Lakini ametupa kamba ya kushikamana naye: sala, Neno lake, meza yake, na ushirika wa ndugu. Kamba hiyo inataka kuangaliwa.

Mwaka ule wa 2020 ugonjwa wa korona ulizuia maua yetu kwenda Ulaya, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua wakarudishwa nyumbani. Baba hana mshahara, mama hana mshahara, kodi inadaiwa, watoto wanatazama sufuria. Mtu alikuwa na sala moja aliyofundishwa utotoni. Ni sala njema, nayo ilitosha kina cha utotoni. Maji yalipozidi, aliona kwamba kamba yake haifiki. Wengine walisema kwamba Mungu amewaacha. La, ndugu. Nanga haikusogea. Kamba ndiyo ilihitaji kuongezwa.

Sikilizeni habari ya Mtume Paulo. Usiku wa kumi na nne wa dhoruba mabaharia walipima maji wakapata pima 20. Mbele kidogo wakapata pima 15. Wakaogopa miamba, wakatupa nanga nne, wakangoja mapambazuko. Kamba za nanga hizo hazikusokotwa usiku ule! Zilikuwamo merikebuni tayari. Watu 276 walikuwa ndani, na wote walifika pwani salama.

Najua jambo moja linalotuzuia. Kamba mpya ni fedha, na karo ya shule inangoja. Mwenye mashua husema, "Nitabadilisha mwezi ujao." Na sisi pia husema, "Nitaomba nikipata nafasi. Nitapatana na ndugu yangu baada ya mavuno." Lakini upepo wa mchana haungoji mwezi ujao.

Basi leo, wakati kungali shwari, fungua nyuzi za moyo wako utazame ndani. Kama sala yako imekuwa maneno makavu, mwambie Mungu hivyo hivyo. Kama umeacha ibada, rudi Jumapili hii. Kama huzuni yako ina kina kuliko nguvu zako, mwite mzee wa kanisa au jirani aombe pamoja nawe. Kamba moja ikiungwa na ya mwenzako, hufika mbali.

Tuombe. Ee Bwana, wewe hubadiliki, bali maji yetu hupanda na kushuka. Utufanye upya tushikamane nawe kabla ya upepo kuja. Uwalinde walio ziwani leo, na wote ambao nyumba zao zimechukuliwa na maji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.