Walioachwa Nje ya Mageuzi

Msikilizaji, habari za Wakenya walioko Saudi Arabia mara nyingi hutufikia zikiwa takwimu za fedha zilizotumwa nyumbani, au zikiwa msiba. Maisha yaliyo katikati hatuyasemi.

Dada anayefanya kazi za ndani Riyadh huingia nchini humo chini ya kafala, mfumo unaomfunga kwa mwajiri mmoja. Kibali chake cha ukaazi, iqama, hupitia mikononi mwa mwajiri huyo. Kisipohuishwa kwa wakati, anayeonekana kuvunja sheria ni dada, na akitoka nje anaweza kukamatwa. Pasipoti nayo mara nyingi huwa imefungiwa kabatini, ingawa sheria inakataza. Na simu ikichukuliwa, hana njia ya kumsikia mama yake wala ya kuufikia ubalozi. Kiarabu chenyewe anajifunzia jikoni, kwa amri.

Machi 2021 Saudi Arabia ilianza kuwaruhusu wafanyakazi wa sekta binafsi, kwa masharti, kuhama mwajiri na kusafiri bila idhini yake. Wafanyakazi wa majumbani na madereva wa familia hawakuhusishwa. Hilo linaniuma sana, kwa kuwa anayelala na kuamka nyumbani kwa mwajiri ndiye aliyeuhitaji mlango huo kuliko wote.

Serikali yetu huzisifu fedha za kigeni wanazotuma wafanyakazi hawa. Basi iwabane mawakala wa ajira inaowapa leseni: mkataba usomwe kwa Kiswahili kabla ya safari, na simu ya ubalozi ipokelewe hata Ijumaa usiku.