Homa ya Gatina na Tabibu wa Kiganjani



Nimeichagua Gatina, mtaa wa Kawangware, magharibi mwa jiji la Nairobi, ili niitazame humo desturi iliyoenea duniani kote, ya mgonjwa kuieleza simu dalili zake kabla hajamwona tabibu. Kwani huko, aghalabu, jawabu la simu halimfikishi mtu hospitali, bali humfikisha dukani kwa muuza dawa, naye humuuzia alichotaja.

Na tuitafakari homa. Kibarua wa mjengo aamkaye na kichwa kinachomgonga, kibaridi mwilini na viungo vinavyomuuma, akiziandika dalili hizo katika intaneti, hakosi kutajiwa malaria. Na jawabu hilo, lau angekuwa Kisumu au Kilifi, lingekuwa na mashiko. Lakini Nairobi imekaa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake hukichelewesha kimelea cha malaria ndani ya mbu, hata mara nyingi mbu hufa kabla kimelea hakijakomaa. Kwa sababu hiyo maambukizi ya malaria ndani ya jiji ni haba, na tabibu mjuzi huanza kwa kuuliza: umetoka safari hivi karibuni, na ulikwenda wapi?

Malaria ikishakanushwa hutajwa taifodi, na hapo mambo huwa mazito zaidi, maana taifodi ipo kweli: uchunguzi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na wenzao wa kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, uliidhihirisha kuwa tele katika mtaa wa Kibera, Nairobi, hasa kwa watoto. Walakini kipimo chepesi kupatikana vichochoroni ni kile cha Widal, kilichoitwa kwa jina la Mfaransa Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896, ambacho hutafuta kingamwili katika damu wala si bakteria wenyewe, hivyo huweza kumhukumu mtu kwa maradhi aliyoyaugua zamani. Basi mgonjwa hununua antibiotiki ya siprofloksasini ya siku mbili, kwa kadiri ya mfuko wake, walio dhaifu katika bakteria wakafa, na walio sugu wakasalia.

Simhesabu mtu huyu kuwa jahili, hasha. Siku ya foleni hospitalini ni siku isiyo na ujira, na kutaka kuujua mwili wake ni haki yake. Lawama yangu nawaelekezea zaidi matabibu wenzangu, ambao mgonjwa akithubutu kutaja aliyoyasoma humkemea badala ya kumuuliza ni dalili gani iliyomtia hofu.

Kikohozi nacho kina hatari yake, kwa kuwa hutulizwa kwa chupa baada ya chupa za dawa ya maji, ilhali kilichofikia wiki mbili, kikiandamana na jasho la usiku na kukonda, chapasa kupimwa kifua kikuu, ambacho katika vituo vya serikali hutibiwa bila malipo, kwa dozi ya kawaida ya miezi 6.

Hata hivyo yupo wa kumwelekeza mgonjwa kabla hajafika dukani: Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimajoto na mashine za kupima shinikizo la damu. Mhudumu huyo, aishiye mtaa mmoja na mgonjwa, ndiye nitakaye aulizwe kabla ya muuza dawa. Na ombi langu kwa wizara ya afya ni kwamba alipwe ujira wake kwa wakati, na afunzwe kuuliza habari za safari na siku za kikohozi kila abishapo hodi.