Nchi Jirani: Ziwa Moja, Ahadi Moja



Mwaka 1999 Uganda ilisimamisha usafirishaji wa samaki wake kwenda Ulaya, baada ya kubainika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitia sumu majini ili kunasa sangara. Punde Umoja wa Ulaya nao ukawafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria, wakiwamo wa Kenya na Tanzania. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza huoza wote. Kosa la wachache likawa hasara ya mataifa matatu.

Sangara hupita mikono mingi kabla ya kufika mezani: mvuvi, mwenye mtumbwi, wakala, dereva wa gari la barafu, kiwanda cha minofu, na hatimaye mnunuzi wa ng'ambo. Kila mmoja hutegemea neno la mwenzake. Wakala asipoarifu saa ya kufika mitumbwi, barafu huchelewa na samaki huharibika. Kiwanda kikigeuza bei bila taarifa, mvuvi hujifunza kumwuzia yeyote apitaye usiku, na hapo ndipo magendo hupata njia.

Mwaka 2017 Uganda ilipeleka wanajeshi ziwani kupambana na makokoro na uvuvi wa sangara walio chini ya sentimita 50. Samaki walianza kuongezeka, lakini yalisikika pia malalamiko ya wavuvi waliopigwa na kuchomewa mitumbwi. Hapo pana funzo kwa kila askari wa doria. Nguvu yaweza kuteketeza wavu haramu. Haiwezi kumfanya mvuvi amtaje aliyeuleta. Habari hiyo hutolewa kwa hiari, na hupewa askari anayeaminika, asiyepokea rushwa, aelezaye sheria kabla ya kuadhibu.

Mwaka 1994 nchi hizo tatu zilitia saini mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Mialoni nako viliundwa vikundi vya usimamizi, ambamo wavuvi, wenye mitumbwi na wachuuzi huketi pamoja. Mkataba huo utakuwa karatasi tupu ikiwa doria ya upande mmoja haiupashi habari upande wa pili.

Sumu iliyotiwa majini haiulizi mpaka. Basi anayeilinda mipaka hiyo na apashane habari mapema na jirani yake, na ahadi aliyompa mvuvi aitimize.